Gauni Uliloliachia Pindo Refu

Mama, mwaka umeshakatika tangu ututoke, na cherehani yako bado iko palepale dirishani. Baba hataki iguswe.

Tunakumbuka ulivyofanya kazi. Kitambaa ulikipima kwanza, ukakiombea, ndipo ukashika mkasi. Mzee wa kanisa alipokuambia imani ni ya moyo, akili ni kiburi tu, ulimjibu, "Haya mzee. Basi suruali yako nitaikata kwa moyo mtupu, tuone utaingizaje miguu."

Hakucheka. Alikunyang'anya darasa la ubatizo, eti unawaachia wanafunzi waulize maswali. Ulilia, Mama, tulikuona. Jumapili iliyofuata ulikuwa kwenye kiti chako, unaimba.

Kisha mzee akamgeukia mkamwana wako. Akamwambia vidonge vya kifafa vya binti yake ni dalili ya moyo wenye mashaka. Maskini, akavitupa. Wewe ulilitoa kopo kwenye pipa la taka, ukalifuta, ukamnywesha mtoto huku mkono mwingine uko kichwani pake, unamwombea. "Mungu hakuniumba nusu," ulisema. "Nampenda kwa vyote alivyonipa."

Na huyo mzee? Yupo, hajambo sana. Ana miwani mpya ya kusomea. Loo! Mtoto apambane na kifafa kwa moyo peke yake, yeye herufi ndogo tu zimemshinda, mbio kwa daktari. Siku ya kukuzika alilia kutushinda sote, akasema ulikuwa na moyo wa dhahabu. Akili hakuitaja. Tulimsikiliza kwa adabu uliyotufundisha wewe, na kwa dharau tuliyojifunza wenyewe.

Jumapili hii mjukuu wako anabatizwa. Atavaa lile gauni jeupe ulilomshonea ukiwa kitandani, siku zile vidonge vilipokuwa vimeanza kumtuliza. Pindo uliliacha refu mno, tukanong'onezana kwamba ugonjwa umekuvurugia vipimo. Kumbe ulikuwa na uhakika atakua. Juzi tulilifumua na kulishusha, likamfika kifundoni sawasawa. Baba alitoka nje akalie peke yake.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mkamwana wako, ambaye sasa humpa mtoto dawa mwenyewe kila asubuhi, kisha wanasali, na mjukuu wako, ambaye mzee analalamika kwamba darasani anauliza maswali mno.

Daima utakuwa moyoni mwetu, Mama, na akilini pia.