Barua za Wateja Wangu Nazisoma Mimi Kwanza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapoteza rafiki. Mume wangu Heriel anauza vitenge kwa jumla hapa Kariakoo, na tangu serikali iruhusu biashara huria na mimi nikapata kaduka kangu ka intaneti, wateja hawakauki, sasa majuzi redio ikatangaza kwamba mataifa yanakutana ng'ambo kujadili nani aisimamie intaneti ya dunia nzima, Heriel akaniambia, "Mama Filbert, shauri yako, wakikuta watu wanaandika ovyo humu watatufungia," basi hofu ikaniingia, nikageuza kompyuta zote zitazame kaunta yangu, nikatangaza hakuna kutuma kitu kabla sijakisoma, maana mimi nilisoma bweni kwa masista kule Kilimanjaro na barua zetu hazikutiwa gundi mpaka Sista azipitie, nikaona ndio utaratibu.

Wateja wengine wakahamia maduka ya intaneti ya Posta. Lakini Mansi, rafiki yangu ninayekunywa naye chai kila siku, binti wa Madhuben wa duka la vyombo mkabala na langu, alikuwa amechapa maoni ya wafanyabiashara wa mtaa mzima ayatume kwenye huo mkutano ulioomba maoni ya watu, wanaomba wasizibwe midomo, na nilipomwambia nisome kwanza akasimama akasema, "Dada, hata mama hasomi barua zangu." Hajarudi tena, maoni yamebaki kwenye kompyuta yangu na yanatakiwa yafike kabla ya Ijumaa, Heriel anasema nimefanya vizuri, mimi usingizi sipati. Nifanyeje?
Mama Filbert, Kariakoo

Mama Filbert, pole. Mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye duka ana haki ya kuogopa. Lakini dada yangu, umenichosha. Wakubwa hawajakubaliana lolote, wewe umeshawafanyia kazi bila mshahara. Unamwogopa msimamizi wa dunia, kumbe wateja wako wanaye tayari, amekaa kaunta.

Bweni liliisha zamani. Wateja wako ni watu wazima. Atakayetukana au kutapeli atawajibika mwenyewe, kama anavyowajibika kwa anayosema pale barazani kwa Heriel, na sijasikia kwamba Heriel huwavuta watu kando wamnong'oneze kwanza. Huo usimamizi utakuwa mzuri au mbaya, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba safari hii wameuliza watu wanaonaje. Lini mliwahi kuulizwa, nyinyi wenye maduka? Mimi hilo linanipa moyo sana.

Leo hii zirudishe kompyuta zilivyokuwa. Heriel mweleze kwa upole, ila ruhusa usiombe, duka ni lako. Halafu vuka barabara, mwamkie Madhuben, mwombe Mansi radhi mbele ya mama yake, uje naye atume hayo maoni, na wewe ukae mbali.

Akimaliza, andika na ya kwako. Waeleze kwamba tangazo moja tu la redio lilikutia hofu mpaka ukataka kusoma barua za rafiki yako. Wanaotaka kuisimamia intaneti wanahitaji kulisikia hilo kuliko hotuba zao zote.
Bi Evarista