Kesi Yangu Ina Ukomo

Jumatatu, 2 Juni
Kitambaa! Tumboni mwangu mna kitambaa cha hospitali! Miaka mitatu nabeba mali ya watu bila kujua. Leo nimepigwa picha ya tumbo hospitali nyingine, si pale waliponipasua uvimbe. Pale kila nikirudi wananiambia ni gesi, mara umri, mara mawazo. Mawazo! Mtu aliyezaa wakili, mawazo ya nini? Mpiga picha wa leo aliita wenzake watatu waje waone. Chumba kilijaa kwa ajili yangu.
Nimemwonyesha jirani, fundi cherehani. Kaigeuza picha juu chini, akauliza: Ni pamba au nailoni? Tumecheka mpaka pakanichoma kwa ndani. Halafu hatukucheka tena.

Jumanne, 3 Juni
Wakili wangu kapiga simu. Wino wa cheti chake haujakauka na tayari ana meza yake na kiti kinachozunguka! Tumbo hilihili lenye kitambaa ndilo lililomzaa. Kasema kesi tunayo, ila ina ukoma.
Nimekaa kitako. Kitambaa sawa — lakini ukoma? Nimenawa mikono mara mbili. Nimemweleza fundi.

Jumatano, 4 Juni
Si ukoma. Ni UKOMO. Simu ilikuwa inakwaruza. Ukomo wa muda: sheria inakupa miaka mitatu ya kushtaki, ikipita hata siku moja hakimu hafungui bahasha. Kumbe haki nayo huchacha kama maziwa. Nilipasuliwa tarehe 13 Juni. Miaka mitatu inatimia Ijumaa ya wiki ijayo!
Nikamwambia, lakini mimi nimejua juzi tu. Akasema kuhesabu tangu siku ya kujua ni jambo la kubishania, Mama, hakimu mmoja atakubali, mwingine atakataa, tusicheze kamari na tumbo lako. Anataka vitu viwili: nakala ya faili langu la upasuaji, na saini yangu kwenye hati ya kiapo. Atakuja kuichukua mwenyewe hiyo Ijumaa. Akanionya: Ukienda kuomba faili, omba tu. Usihadithie.
Mimi? Nimehadithia nini maishani mwangu?
Fundi leo kanisalimia akiwa ng'ambo ya ua. Habari ya ukoma bado hajaitoa kichwani.

Ijumaa, 6 Juni
Hospitali. Ukutani wameandika MGONJWA KWANZA. Mimi nilikuwa wa hamsini na tatu.
Karani wa mafaili: Linatafutwa, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo lini? Wiki ijayo tu, mama, kwani wewe nani, si kila mtu anasubiri?
Hapo ndipo aliponichokoza. Nikamwambia mimi nani! Nikamwambia mwanangu ni wakili, na kesi yetu ina ukomo — nililitamka vizuri, o mwishoni — na ukomo wenyewe ni Ijumaa ijayo, ikipita hiyo hatuna chetu, kwa hiyo faili na liamke! Foleni nzima iligeuka. Karani akaacha kutafuna kalamu, akaandika tarehe kiganjani mwake.
Wameogopa. Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Jumatatu, 9 Juni
Miaka mitatu hawakuwahi kunipigia. Leo mara mbili! Sauti laini ajabu. Afisa fulani. Mama yetu mpendwa, umeamkaje, tumbo linaendeleaje? Faili je? Linashughulikiwa kwa heshima zote.
Kwa heshima zote! Si la mtu wa kawaida hilo.

Jumatano, 11 Juni
Afisa kaja mwenyewe nyumbani! Miwani, viatu vya kujitazamia. Nimemkalisha kwenye kiti cha marehemu baba yake Wakili. Anataka tuyamalize kifamilia. Watakuja wote: mganga mkuu, muuguzi mkuu, daktari aliyenipasua, na faili mkononi, waniombe radhi mbele ya majirani. Jumatatu tarehe 16.
Nikasema, na ukomo? Akatabasamu. Mama yetu, ukomo ni wa wanaogombana. Sisi tunapatana, kwa hiyo muda unasimama.
Nikamwomba aniandikie hilo. Akasema neno la mtu mzima linapita karatasi. Msomi yule, ananiambia mimi hivyo! Nikaona aibu kudai zaidi.
Nimemtumia Wakili ujumbe: Usihangaike na basi Ijumaa, njoo Jumatatu, muda umesimama. Hajajibu. Yuko mahakamani, mwanangu ana kazi.
Fundi kasema: Mwenzangu, kinachosimama ni saa mbovu. Wivu. Lakini gauni la Jumatatu kakubali kunishonea.

Alhamisi, 12 Juni
Wakili kapiga mara tisa nikiwa kwa fundi najaribisha gauni. Nimepokea ya kumi. Hata shikamoo hakuna. Nani kakwambia muda unasimama? Afisa. Kaandika?
Nikamwambia, neno la mtu mzima linapita karatasi.
Akashusha sauti, kama mimi nilivyokuwa nikimkataza kugusa jiko. Mama, hospitali iko mtaa wa pili. Kama faili wanalo, kwa nini Jumatatu? Kwa nini si leo?
Kwa nini si leo! Miaka yote hii namsifia akili, na leo ndiyo kwanza zimenichoma.
Anakuja kesho na basi la kwanza. Nitasaini palepale kituoni, juu ya mgongo wake ikibidi. Faili hatuna, atapeleka picha ya kitambaa peke yake. Dirisha la kupokea kesi kwenye mahakama ya hapa Ijumaa hufungwa saa sita. Basi hufika saa tano — likifika. Nimetia kalamu mbili kwenye mkoba, nimezijaribu zote.
Jioni afisa kapiga. Mama yetu, mambo yako vilevile?
Vilevile, baba.
Sikuhadithia kitu. Hata neno moja! Ulimi nimeushika kwa meno. Viti nimeshaazima, gauni limebaki pindo. Jumatatu, tarehe 16, saa nne asubuhi. Waje wote.