Mlima Bila Kuchemka

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mbwa hajala.

~~Pikapu usiiguse mpaka nirudi.~~ Funguo ziko chini ya sahani.

Jana ulipopunguza hewa ambayo supachaja inasukumia injini, nilisema umeing'oa meno pikapu yangu, nikanuna hadi kulala. Ulinijibu tu kwamba hewa ikizidi huja na moto wake. Asubuhi hii nimepanda nayo mlima, matofali yamejaa nyuma. Pale injini huchemka na kugonga kama mgeni mwenye hasira. Leo imepanda kimya. Juu nikafungua boneti, nikaweka kiganja kwenye bomba la hewa. Vuguvugu tu, kama shavu lako ulipokuwa mchanga. Nimeduwaa pale hadi nikapigiwa honi.

Kazini naenda kwa miguu. Gari endesha wewe.

Baba, utingo wako