Hisa Tisini za Mjomba

Mshauri, shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuituma, kwa hiyo naomba univumilie. Mama hutengeneza sabuni za kufulia katika chumba chetu cha nyuma, alianza nikiwa darasa la pili, anakoroga mwenyewe, anakata mwenyewe kwa waya, na mjomba, mdogo wake, alijiunga mwaka jana tu kututafutia wateja, na sasa duka moja kubwa linazitaka sabuni zetu ila kwanza tusajili kampuni, basi kujaza fomu nikapewa mimi kwa sababu nyumbani naitwa Profesa. Mjomba akaketi kando yangu akinitajia ya kuandika.

"Hisa mia. Tisini zangu, kumi za dada."

Nikauliza kwa nini. Akacheka. "Profesa nawe! Hayo ya karatasini tu. Sabuni si bado za mama yako?"

Nikaandika. Mama akaja akijifuta mikono, akasema, "Ukishasoma wewe, nimesoma mimi. Nionyeshe pa kutia sahihi." Nikamwonyesha. Kesho yake, kwenye maktaba ya shule, nikasoma kwamba mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli, anaweza hata kumwondoa mama kwenye ukurugenzi. Fomu zimo mkobani mwangu na Jumatatu mjomba anazipeleka kwa msajili. Nikisema nitawagombanisha. Je, nizipoteze?

Profesa

Marahaba, Profesa.

Usipoteze kitu. Mjomba atachukua fomu nyingine na kutafuta mwandishi asiyeuliza maswali.

Mama alikuamini umsomee, ukamwonyesha pa kutia sahihi. Kosa hilo ni lako, usimsukumie mjomba. Nafuu yako ni kwamba fomu isiyofika kwa msajili haijabadilisha chochote. Ikishasajiliwa, kuzirudisha hisa hizo kutategemea hiari ya mjomba, au mahakama.

Leo ukitoka shule mkalishe mama, msomee kuanzia jina la kampuni hadi mstari wa mwisho, na kila hisa uitaje ni ya nani. Usimwambie kwamba anaibiwa, maana hujui. Huenda mjomba haelewi alichokutajia, huenda anaelewa vizuri sana. Mama ndiye wa kumuuliza. Wakikubaliana, jazeni fomu mpya na mzichane za zamani wote mkiona. Katiba ya kampuni waipeleke kwa wakili awasomee, hasa namna mkurugenzi anavyoondolewa na nani anatia sahihi benki. Wewe usikubali kuandikwa mkurugenzi wala shahidi, umri wako bado.

Unaogopa ugomvi. Wiki hii wakigombana, watagombania karatasi. Mwakani watagombania chumba cha nyuma.

Na mama akikusikiliza hadi mwisho, kisha akasema tisini ziende kwa mdogo wake, andika tisini. Atakuwa amempa akijua anachompa.