Neno Nililowajibia Wote

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumanne, tarehe 9.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado ananyanyua gunia la saruji kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila bibi yako miguu imegoma kabisa. Anashinda kitandani akiamrisha wapita njia kupitia dirishani.

Habari kubwa ni barabara: inapanuliwa, na nyumba zilizo njiani zitabomolewa. Wapimaji walikuja na ndoo mbili za rangi, wanauliza kwa Kiingereza kitupu. Wapangaji wetu wakanisukuma mbele. Si unanijua? Mimi ndiye niliyembishia mzungu wa kiwandani mpaka akasahau lugha yao, akawa ananijibu kwa vidole.

Kijana mwenye miwani akauliza: humu nyinyi ni “resident” au “occupant”? Nikajibu palepale, kifua mbele, “Occupant! Wote, na mama yangu akiwa wa kwanza!” Nilipokuwa mlinzi hotelini, mwenye chumba cha ghali kuliko vyote ndiye aliyeitwa hivyo, na saluti tulimpigia. Kijana akarudia swali, taratibu. Nikamwambia asinifundishe.

Wakatupaka nyekundu, milango yote. Fundi cherehani wa jirani alisema “resident”, wakampaka nyeupe. Nikamtania, “Fundi, umejishusha!” Akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu hapo mambo si mambo. Muuza maji anapita kwetu bila kusimama. Mpangaji wa chumba cha mwisho kahama bila kuaga, na kitasa kang'oa. Nasikia mwenye nyeupe anapewa kiwanja kwanza, ila mwenye nyekundu anaamshwa tu atoke. Mtaa wa juu nyekundu zote ni vifusi sasa, na katapila limelala mwisho wa barabara yetu.

Wewe unaishi na wenye neno lao. Niulizie: wakisema “occupant”, wanamtaja mwenye kwake, au yeyote aliyekutwa ndani? Usinipambie. Nijibu kwa simu ya fundi, maana yangu nimeizima. Wapangaji wananipigia mno.

Msalimie mumeo na wale mapacha wako. Mungu akuzungushie ukuta usiosogezwa na mtu.

Bibi anakusalimu sana. Amekataa kufungasha hata sufuria. Kila anayepita dirishani anamwambia hana wasiwasi, mwanawe msomi ameshawaeleza wapimaji nyumba hii ni ya nani.

Mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika.