Chumba Kisicho na Kizingiti

Chang'ombe,
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kwako Bi Munira, mke mwenzangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu wako haukusumbui kwa baridi hizi za mwezi wa nane. Mie mzima wa afya, hata mafua sina, namshukuru Mungu.

Najua umeshangaa. Siku ya hitma ya marehemu Twaha, mume wetu, niliapa mbele za watu kwamba mdomo wangu hautakuambia neno tena, kwa sababu alifia kwako siku ambayo zamu ilikuwa yangu. Kiapo nimekishika, mwaka wa tatu huu. Lakini niliapa mdomo, mkono sikuuapia. Kwa hiyo naandika, Gaudens wa bodaboda analeta, nawe utajibu hivyohivyo.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu Khalfani, huko kwenye meli ya watalii anakotandika vitanda, kampuni imempa nafasi ya kuwapandisha wazazi. Chumba kimoja, watu wawili, siku tisa. Tunapandia hapa Dar mwezi wa kumi na moja, tunakwenda Unguja, Mombasa, Ngazija, tunarudi. Nikamwambia haya, nakuja na shangazi yako. Akasema hapana. "Mama zangu ni wawili. Ama mje wote, ama chumba nakirudisha." Hayo ndiyo malezi yako ya Bunju. Nilikupa mtoto miaka minne ya sekondari ukanirudishia mbishi.

Munira, miaka mitatu sijamtia mwanangu machoni. Januari anasaini mkataba mwingine wa miaka miwili, na safari hii anakuwa msimamizi wa wenzake. Nisipomwona Novemba, sijui nitamwona lini. Kwa hiyo sikuombi, nakwambia: twende.

Vyumba vimebaki vya aina tatu. Kipo cha ndani, katikati ya meli, hakina dirisha, ukizima taa hujui kama uko hai. Kipo chenye roshani, unafungua mlango wa kioo unakaa nje na kiti chako. Na kipo cha watu wenye ulemavu. Hiki mlango wake mpana, na chooni hakuna kizingiti, sakafu ni moja kutoka kitandani mpaka kwenye bomba la kuogea. Ukutani kuna vyuma vya kushika. Kuna kiti cha kuogea cha kukunja, na choo chenyewe kimeinuliwa, hujikunji sana. Dirisha lipo ila halifunguki.

Nimeshaamua, hicho cha tatu. Ni kwa ajili yako na mguu wako. Usiwe na wasiwasi juu yangu, mie nitavumilia.

Mke mwenzio mkubwa,
Mwanaheri


Bunju,
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Shikamoo dada Mwanaheri,

Huku hatujambo, mie na kuku wangu, na mguu hauna habari na baridi. Nimefurahi kusikia u mzima. Mkono wako nao mzima, naona, maana umeniandikia kurasa mbili.

Kwenda nitakwenda. Khalfani ni mwanangu kwa kila chapati aliyokula jikoni kwangu, ningekwenda hata tungelazwa kwenye ndoo.

Lakini chumba cha ulemavu, dada, hapana. Pikipiki iliponivunja mguu mwaka 2018 nililala miezi mitano, nikainuka. Nina mkongojo mmoja, na kwa huohuo napanda ngazi mpaka kwenye tangi juu ya paa kulisafisha. Nafundisha chekechea watoto arobaini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikimbia nikashindwa kumkamata. Wewe ndiye uliyeniita kiguru mbele ya wafiwa, wakacheka hadi waliokuja kulia. Leo huohuo mguu umekuwa yai la kubebwa kwa mikono miwili? Weeh, usinichekeshe.

Mie nataka roshani. Tangu nizaliwe nimelala nyuma ya nondo na wavu wa mbu, na nje ya dirisha langu ni ukuta wa jirani, tena hajaupiga lipu. Nataka niamke, nifungue mlango, ninywe chai yangu, na mbele yangu pasiwe na ukuta wa mtu. Siku tisa tu jamani. Hicho chumba kingine apewe anayekihitaji.

Mdogo wako, mke mwenzio,
Munira


Chang'ombe,
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kwako Bi Munira,

Marahaba. Kuku wako wasalimie.

Roshani ya nini, mwanamke wewe? Upepo ule unaingia kifuani, chumvi inakula nguo, na meli ikiyumba wewe na mkongojo wako mtakuwa kitoweo cha papa. Tena Khalfani kanieleza vizuri. Vyumba vyote vya kawaida, cha ndani na cha roshani, vina kizingiti chooni, cha kuzuia maji yasitoke. Kizingiti kirefu, utadhani wanazuia mbuzi. Na ukishakivuka, unashika nini? Hakuna cha kushika. Umesimama hapo una sabuni usoni na meli inacheza. Umelifikiria hilo? Hukulifikiria, unafikiria chai.

Chumba cha ndani ndiyo kabisa, mlango wake mwembamba, wewe na mkongojo mtapita kwa foleni.

Kwa hiyo nimeshamaliza. Nimemwambia Khalfani aandike jina lako kwenye fomu ya hicho chumba. Kuna mama wa ofisi yao hapa Dar, Editha, atakupigia akuulize maswali mawili matatu. Wewe jibu kama mtu mwenye shida. Ubishi weka pembeni kwa dakika tano, hautaozea hapo.

Mke mwenzio mkubwa,
Mwanaheri


Bunju,
Jumanne, 20 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Sijambo, ila nimekasirika, na sitaki kukuficha.

Editha kapiga. Mama mwenye adabu zake. Kaniuliza, Bi Munira, unaweza kuoga umesimama? Nikasema naoga nimesimama na naimba. Unaweza kuvuka kizingiti? Nikasema navuka mitaro ya Bunju mvua ikinyesha, kizingiti ni nini. Utahitaji kiti cha magurudumu kupandia melini? Nikamwambia dada yangu, nani kakupa jina langu?

Akanieleza kwa upole kwamba hicho chumba kimebaki kimoja, na kinatolewa kwa anayekihitaji kweli. Kuna mzee mwingine anakisubiri. Atakishika mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hawezi. Nikamwambia asisubiri, ampe huyo mzee, sie atuandikie chenye roshani. Akasema lazima jibu litoke kwetu wote wawili.

Sasa niambie. Mbona barua zako zote ni choo? Watu wanapewa safari ya meli, wanauliza chakula, wanauliza nguo za kuvaa, wewe unaniandikia bomba na vyuma. Na mtu aliyeshindwa kunisalimia msibani, leo hapati usingizi kwa kufikiria nitaogaje? Kuna jambo, dada.

Alhamisi nakuja. Wewe shika kiapo chako, ukae kimya. Mie sikuapa, nitasema kwa niaba ya wote wawili.

Munira


Bunju,
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Shikamoo dada yangu,

U hali gani leo? Safari hii nauliza, na nataka jibu la kweli.

Nilikuja kwako nimejiandaa. Maneno nilianza kuyapanga tangu Tegeta. Nikakukuta umekaa kwenye kiti ukumbini, hukuinuka, nikasema haa, kiburi kilekile. Nikayamwaga yote, na wewe unanitazama tu, kiapo mdomoni. Nilipomaliza nikaomba kwenda msalani. Ukanyoosha mkono kunizuia na mie nikapita.

Kizingiti cha choo chako kimevunjwa kwa nyundo, saruji bado ina alama za patasi. Kuna kamba imefungwa kutoka kwenye nguzo ya kitanda chako mpaka kwenye komeo la mlango wa choo. Chini ya bomba pana kiti cha plastiki. Nilisimama mle na mkongojo wangu, nikahisi mie ndiye mpumbavu wa Dar es Salaam nzima.

Tupokigwe, mpangaji wako, ndiye aliyenieleza uani. Nyonga imelika, daktari kasema. Tangu Shaabani huwezi kupiga hatua tatu bila kushikwa, na tangu Idi hujatoka getini. Khalfani akikupigia simu ya video unavaa mtandio mpya, anaona uso tu. Nikarudi ndani, ukachukua kalamu ukaandika nyuma ya kalenda: "Khalfani asijue. Baba yake alipougua aliacha chuo. Akijua haya ataacha meli."

Nimelia kwenye bajaji mpaka dereva kazima muziki.

Dada, umeuazima mguu wangu bila hata hodi. Ulitaka ukaoge kwenye kile kiti huku watu wote wanajua ni cha Munira. Na bandarini ungepandaje? Ungesema umeteguka juzi? Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe tayari una Khalfani, sasa unamficha nani?

Mie roshani naiacha. Chai yangu nitainywa juu kwenye sitaha na watu wengine. Lakini kwa jina langu hicho chumba sikiingii. Weka jina lako. Editha anasubiri mpaka tarehe thelathini na moja.

Na kwa kuwa nataka ukweli wako, nami nikupe wangu. Siku aliyofariki Twaha zamu ilikuwa yako. Umesema nilimzuia, nami nimekana miaka mitatu. Nilimzuia. Alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa anakohoa, nikamwambia pumzika, utakwenda kesho. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini hata asingekohoa ningetafuta neno lingine. Nilitaka abaki kwangu. Alfajiri akafa, na mie nikawa na maiti ya mume mikononi ambayo ilikuwa haki yako kuwa nayo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, bado jaza fomu.

Mdogo wako,
Munira


Chang'ombe,
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Kwako mdogo wangu Munira,

Assalaam alaykum, na marahaba. Umeuliza hali. Nyonga ya kulia inauma asubuhi kuliko jioni, kukaa naweza, kulala naweza, kusimama ndiyo mtihani. Nimekujibu.

Barua yako niliisoma nikaitupa. Halafu nikamwita Tupokigwe aniokotee, maana kuinama siwezi. Nikaisoma tena, nikaitupa tena, mtoto wa watu akaniuliza, mama, ni zoezi? Siku mbili nilikasirika mpaka chai ikawa chungu. Nilikuwa najua, Munira. Mke anajua. Nilichokitaka miaka yote hii ni uniambie wewe, kwa sababu kila ulipokana niliona kama nachanganyikiwa. Sasa umesema. Kidonda kinauma, ila kimetulia.

Na mie lile neno la kiguru. Lilikuwa neno baya, nililisema nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Niwie radhi.

Kiapo nimemuuliza sheikh. Kasema nikikitengua nilishe masikini kumi. Tupokigwe anawapikia wali kesho baada ya Ijumaa, yeye Mnyakyusa na Mlutheri, kanambia masikini wa Mungu ni walewale. Ndiyo maana leo bado naandika.

Khalfani nimempigia mwenyewe. Nilisema yote kwa pumzi moja asije akanikatiza, nikamalizia hivi: "Ukishuka kwenye hiyo meli kwa ajili yangu, radhi yangu huna. Ninaumwa nyonga, sikufa." Akaanza kulia. Kisha akasema, "Mama, hivyo vyumba vya milango mipana viko vinne tu, na anayevitandika ni mie. Kila siku nakikunjua kile kiti cha kuogea nakifuta kwa ajili ya mama za watu." Mwanangu ndiye atakayenitandikia kitanda, Munira, na mie nilikuwa nampiga chenga.

Jana Gaudens kaniletea fomu, Editha akanisomea kwa simu, nami nikajibu nikiandika. Unaweza kupanda ngazi tatu bila msaada? Hapana. Unaweza kuoga umesimama? Hapana. Utahitaji kiti cha magurudumu bandarini? Ndiyo. Ya kwanza ilinitoka kama jino. Zilizofuata zikatoka zenyewe, na Editha kila moja anasema "asante mama" utadhani nampa zawadi. Chumba ni chetu. Yule mzee kapatiwa kingine kwenye meli ya Desemba, nilimuuliza, nisingelala.

Mwisho ikaja habari yako. Mwandamani ana uhusiano gani na msafiri? Kulikuwa na visanduku vya kuchagua: mume au mke, mtoto, ndugu, rafiki, mhudumu. Mke mwenza hayumo, waliotunga hawakutufikiria. Editha akasema naweza kuacha wazi. Nikamwambia ngoja. Mhudumu si wewe, hujawahi kumhudumia mtu bila kumgombeza. Rafiki hatujawahi kuwa, Mungu ni shahidi. Nikakaa na kalamu mkononi, yule mama wa watu anasubiri kwenye simu, nikafikiria nani mwingine duniani angekuja na mkongojo wake kutoka Bunju mpaka Chang'ombe kunigombeza, akaishia kulia kwenye bajaji.

Nimetia alama kwenye ndugu. Ukiulizwa bandarini, nawe useme hivyo.

Dada yako,
Mwanaheri