Miwani ya Kung'aa na Jicho la Mama Kiprono

Jumapili, mwisho wa Novemba. Mvua ilinyesha mchana ikakatika, na hapa mtaani Langas kila mtu ametoa jiko nje. Mimi nimejifungia ndani. Nimetoka Ainabkoi sasa hivi, sijavua hata gumbuti, na nisipoandika najua nitaanza kufua nguo, nitapiga simu nyumbani Vihiga, nitafanya chochote ili nisikae na hii kitu peke yangu.

Nimeharibu. Wacha niseme hivyo kwanza, halafu nieleze.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa bloguni, mimi ni daktari wa ng'ombe wa pikipiki. Sina cheti kikubwa. Napandisha ng'ombe mbegu, natoa dawa ya minyoo, nashona chuchu iliyochanwa na waya. Lakini huku wote wananiita Daktari, nami sijawahi kukataa. Wateja wangu wengi wako upande wa Ainabkoi. Asubuhi nikienda jua linanipiga usoni, jioni nikirudi mjini jua hilo hilo linanipiga usoni tena. Katikati ni vumbi, wadudu, na malori.

Kwa miaka nimeendesha hivyo, macho wazi. Kioo cha helmeti yangu kimekwaruzika vibaya, jua likikigusa unaona mistari mistari tu, kwa hivyo nilikuwa nakiinua juu. Nilijiambia macho yangu yamezoea. Macho hayazoei, yananyamaza tu mpaka siku yake ifike.

Siku yangu ilifika mwezi uliopita. Nilikuwa nyuma ya lori la mahindi, turubai limefungwa ovyo, na kapi moja likaniingia jicho la kushoto. Sikuanguka, namshukuru Mungu, lakini usiku huo nililala nimeshika shavu kama mtu wa jino. Kesho yake nikaenda kliniki ya macho hapa mjini. Nesi mmoja, mama mzima mwenye mikono mizito, akalitoa bila hata mimi kusikia. Akaniwekea dawa, akaniambia nina bahati nimekuja mapema, kwa sababu kitu cha shamba kikichuna jicho kidonda kinaweza kuoza humo ndani.

Kisha akaanza kunifundisha habari ya miwani, na mimi nikawa natingisha kichwa kama mwanafunzi mzuri. Isiwe ya glasi, ikivunjika itakuwa kisu. Ishike uso vizuri, upepo usipite pembeni. Mikono ya miwani iwe myembamba, isinikate masikio ndani ya helmeti. Na kwa kuwa mimi natoka na giza na kurudi na giza, nianze na miwani nyeupe, isiyo na rangi, unayoona nayo hata gizani. Ya rangi nitanunua baadaye, ya mchana peke yake.

"Nyeusi ni ya jua," akasema. "Jua likienda, toa."

Sasa, kama ningesikia maneno hayo na kuyafuata, singekuwa naandika.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa kijana anayeuza miwani kando ya soko. Nyeupe alikuwa nayo, imara kabisa, inakumbatia uso. Nikaivaa. Kijana akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Madam, hiyo ni ya fundi wa kuchomelea. Wewe unatoka hivi umependeza unataka kuvaa ya kuchomelea mageti?"

Akanipa ingine. Nyeusi, pana, na mbele yake inang'aa kama kioo cha kinyozi, yaani ukimtazama aliyeivaa unajiona wewe mwenyewe. Nikajiangalia. Sijui niseme nini. Nilipenda. Mwanamke mfupi wa gumbuti na ovaroli inayonuka ng'ombe haonekani kitu siku nyingi. Siku hiyo nilionekana kitu. Nikarudisha ile nyeupe, nikajiambia nitaichukua wakati mwingine.

Sitaisingizia. Mchana ilifanya kazi yake. Machozi yaliisha, kichwa kikaacha kuuma, wadudu walikuwa wananigonga na kuanguka. Vijana wa boda boda pale steji walianza kunipigia saluti. Mimi nikaizoea mpaka nikawa siivui. Nikifika kwa mtu naongea nayo. Naandika risiti nayo. Jua likizama, naiacha hapo hapo puani, napunguza mwendo tu.

Nieleze sasa Mama Kiprono ni nani.

Nilipokuja Ainabkoi mara ya kwanza, hakuna aliyetaka nishike ng'ombe wake. Msichana, tena Mluhya, tena peke yake kwa pikipiki. Walikuwa wananiuliza, kwa adabu kabisa, kama daktari mwenyewe anakuja baadaye. Mama Kiprono, mjane mwenye ng'ombe watatu na shamba dogo la mahindi, ndiye alinifungulia geti. Alisimama kando na mikono nyuma, akaniangalia nikifanya kazi, na nilipomaliza akasema ndama akizaliwa jike ataitwa jina langu. Alizaliwa jike. Baada ya hapo majirani wakaanza kuniita mmoja mmoja. Kodi ya hii nyumba ninayokaa, ukiifuata nyuma, inaishia kwa geti lake.

Na huko kwao kuna namna ya kufika. Unazima pikipiki. Unatoa helmeti na chochote kiko usoni. Unashika mkono, mnasalimiana Chamgei, Chamgei, unaulizwa mama yako, unaulizwa mvua ya kwenu, unakaa, unapewa chai. Shida yenyewe, ile umeitiwa au ile mtu anataka kukuambia, inakuja mwisho. Mara nyingi inakuja ukiwa umeshasimama kuondoka. Mtu hawezi kukumwagia mambo yake kabla hajakuona vizuri. Nilijifunza hilo mapema, na ndilo lililonifanya nikubalike. Si mbegu. Mbegu hata wengine wanazo.

Alhamisi moja, mwanzo wa mwezi huu, nilikuwa narudi, jua limeshazama, na barabara inayopita kwake ina miti ya sipresi pande zote mbili kwa hivyo giza linafika mapema. Mama Kiprono alikuwa amesimama getini. Nikasimama, mguu mmoja chini, injini inanguruma. Kuna mtu mbele alikuwa ananingoja, ng'ombe wake yuko kwa joto, anataka kupandishwa, na mimi sina subira, hilo nilizaliwa nalo.

"Chamgei, Mama. Ng'ombe wako sawa?"

"Wako tu sawa."

Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimevutwa chini upande mmoja. Nilikiona. Nilifikiri ni baridi. Kupitia ile miwani nyeusi, chini ya ile miti, uso wake ulikuwa kivuli tu, na mimi sikujisumbua kuinua mkono niivue. Ni kitu cha sekunde. Alishika geti, akaniangalia kidogo.

"Uko na haraka?"

"Kuna mtu ananingoja hapo mbele."

"Haya, enda basi. Giza inaingia."

Nikaenda. Nakumbuka nilifurahi kwamba hakunichelewesha.

Wiki iliyopita Kiprono, kijana wake anayefanya kazi huku mjini, alinipigia simu. Akasema mama yake amelazwa kwa ajili ya jicho. Jani la mahindi lilimchapa alipokuwa akibeba mabua ya kulisha ng'ombe. Alikaa nalo nyumbani zaidi ya wiki mbili, akiweka dawa ya macho ambayo jirani alikuwa amebakisha, mpaka jicho likafanya weupe ndipo Kiprono akaenda kumchukua kwa nguvu. Nilimuuliza ni lini jani lilimchapa. Akasema Jumanne ya mwanzo wa mwezi. Nikahesabu mwenyewe kwa vidole. Alhamisi yangu ilikuwa siku mbili tu baadaye.

Lakini bado nilijipa moyo. Nilijiambia labda wakati ule halikuwa linauma. Labda hakukuwa na kitu cha kuniambia. Nilienda nikanunua ile miwani nyeupe. Kijana wa soko hakunikumbuka. Inanifanya nionekane kama fundi wa mageti kweli, na naona kila kitu.

Imechelewa.

Leo baada ya kanisa nikaenda kumwona, ameruhusiwa juzi. Nilizima pikipiki nje ya geti kabisa nikaisukuma ndani kwa mkono, kana kwamba hiyo ingesaidia. Alikuwa ameketi kibarazani, jicho la kulia limefunikwa. Amekonda. Akafurahi kuniona, na hapo ndipo nilipotamani angenikasirikia.

Tukasalimiana yote. Mama yangu, mvua ya kwetu, ndama mwenye jina langu ambaye sasa ni mtamba. Nilingoja. Nilijua linakuja mwisho, kama kawaida.

Akasema daktari amemwambia kidonda kimepona lakini kimeacha kovu pale katikati, mahali pa kuonea. Mwanga atauona. Watu hataona. Angekuja zile siku za kwanza, daktari alisema, dawa tu ingetosha.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Nilikuwa najua tayari, sijui kwa nini niliuliza. Nafikiri nilitaka aseme sababu nyingine yoyote.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Nilisikia wewe uliingiwa na kitu jichoni wakakutolea vizuri huko mjini. Nikasema msichana wangu akipita nitamwonyesha, aniambie ni wapi, labda anibebe. Nikasimama pale kwa geti kutoka saa kumi."

Nikaangalia kule getini.

"Halafu ukakuja na ile kitu kwa macho. Nikakuangalia nikajiona mimi mwenyewe, na hiki kitambaa. Nikaona aibu. Nikasema leo ako na kazi, nitamwambia siku ingine."

Hakusema kwa lawama. Hiyo ndiyo inayonimaliza. Alisema kama mtu anayesimulia kwa nini hakupanda viazi msimu huu. Nikaanza kulia, na yeye akanipiga piga mgongo, akaniambia nisilie, jicho moja linatosha kuona ng'ombe watatu. Hata akacheka kidogo. Nikamwambia nisamehe, Mama. Akasema, "Ni ya nini? Mimi ndiye sikusema."

Si kweli. Alisema. Aliniuliza kama niko na haraka, na kwa mtu wa kwao kuuliza hivyo ni kusema. Mimi ndiye niliyeishi kati yao miaka hii yote na kujivunia kwamba nawaelewa. Kama ningevua ile miwani ningeona jicho jekundu, na mimi, kati ya watu wote wa barabara ile, ndiye nilijua ni nini na pa kwenda. Nilikuwa nimetoka huko juzi juzi. Maneno ya yule nesi nilikuwa nayo kichwani, kitu cha shamba kikichuna jicho. Nilikuwa nayo yote isipokuwa dakika moja.

Nimejaribu kujitetea njia nzima ya kurudi. Kwamba jua ni kali. Kwamba nilikuwa nalinda macho yangu, na macho ndiyo kazi yangu. Ni ukweli, na haunisaidii. Sikuinunua kwa ajili ya macho yangu. Niliinunua nionekane.

Alinikataza kuondoka bila chai. Nilisema nitajimiminia, akakataa, mgeni hajimiminii kwake. Akaleta birika kwa mkono wake, akaniwekea kikombe mezani, akainamisha birika polepole akikitazama kikombe kwa lile jicho lililobaki, kwa makini sana, na chai ikamwagika yote kando. Ikatiririka mezani mpaka kwa magoti yangu. Akasimama hivyo hivyo na birika hewani, hajui amekosea wapi. Ng'ombe wake anawakamua mwenyewe, kila asubuhi, na nikafikiria jicho moja litaipimaje ndoo.

"Sijazoea bado," akasema.

Nikashika kikombe, nikakiinua mpaka kikagusa mdomo wa birika, nikamwambia sasa, Mama.